Mabati ya Mtaa wa Merrimack

Mwaka 1980, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lowell katika jimbo la Massachusetts, uliweza kupita Mtaa wa Merrimack saa sita mchana bila kupigana kikumbo na mtu. Maduka machache yaliyobaki wazi yalikuwa yamevikwa mabati ya alumini kuanzia juu ya mlango hadi paani, mtindo ulioingia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Nyuma ya mabati hayo ghorofa za juu zilikuwa tupu, makao ya njiwa. Viwanda vya pamba vilivyouzaa mji huo tangu miaka ya 1820 vilikuwa vimefungwa zamani. Boott, kimojawapo cha vile vikubwa, kilizima mitambo katikati ya miaka ya 1950. Kufikia 1975 ukosefu wa kazi ulikuwa umepita asilimia 12. Vijana wa pale walikwambia bila haya kwamba mwenye akili huhama.

Mimi sikwenda Lowell kutafuta historia. Nilitaka shahada ya uhandisi, na wakati wa likizo nilitaka hela. Nikapata kibarua kwa mkandarasi aliyekuwa akibandua yale mabati.

Kazi yenyewe ilikuwa ya nyundo, tindo na vumbi. Tulipanda jukwaa, tukang'oa misumari iliyoshika kutu, kisha bati zima likashushwa kwa kamba. Kinyesi cha njiwa tulikizoa kwa magunia. Ndipo ukuta wenyewe ukaonekana: matofali mekundu, vizingiti vya mawe vilivyochongwa kwa mkono, na pengine herufi zilizofifia za jina la duka ambalo hata wazee hawakulikumbuka. Waliofunga mabati walikuwa wametoboa mawe yale bila huruma. Tulishinda tukiziba matundu na kujaza chokaa mpya kati ya matofali, na chokaa ile haikuwa ya kuchanganya hovyo. Kulikuwa na maelekezo kuhusu rangi yake na ugumu wake, na mkaguzi alikuja kuitazama kwa karibu kama mtu anayekagua almasi.

Nyapara wetu alikuwa mzee wa ukoo wa Wafaransa wa Kanada. Siku moja nilisifu ukarimu wa serikali kuu ya Washington, iliyokuwa ikichangia gharama za kazi ile, akacheka. "Kijana, kwetu walikuja kubomoa. Na hela ilitoka hukohuko."

Alisema kweli. Kwao ni Little Canada, mtaa wa wafanyakazi wa viwandani waliotoka Quebec. Ulifyekwa katika miaka ya 1960 chini ya mpango wa serikali kuu wa kufufua miji. Kabla yake, mwaka 1960, vilibomolewa viwanda vya Merrimack, kampuni iliyoanzisha mji. Familia zilizokaa ukuta kwa ukuta zikatawanyika. Kila ninaposikia watu wakibishana iwapo serikali kuu iingilie mambo ya miji au ikae mbali, humkumbuka mzee yule: hazina ilikuwa moja, matokeo mawili.

Safari hii ya pili, fedha za Washington zilipokuja kutengeneza badala ya kubomoa, tofauti ilianzia Lowell kwenyewe. Patrick Mogan, mwalimu aliyekuja kuwa mkuu wa shule za jiji, alichoka kuona watoto wa wahamiaji wakifundishwa kuyaonea aibu makwao. Akashikilia kwamba mji wote, pamoja na mifereji na viwanda vyake, uwe darasa. Wengi walimwona anaota. Baraza la jiji likaikubali fikra hiyo mwaka 1972, jimbo likatoa fedha za kutengeneza hifadhi kando ya mifereji, kisha mbunge Paul Tsongas akaipeleka Washington. Tsongas alikuwa mtoto wa Lowell, baba yake akiwa na biashara ya dobi, na mwenyewe aliwahi kufundisha Ethiopia chini ya Peace Corps, mpango wa Marekani wa watu wa kujitolea. Tarehe 5 Juni 1978 Rais Carter alitia saini sheria ya kuifanya Lowell hifadhi ya kihistoria ya taifa, ikiwa na idhini ya takriban dola milioni 40.

Sheria hiyo haikumwaga fedha tu. Iliunda tume iliyowaketisha pamoja watu wa jiji, wa jimbo na wa wizara za serikali kuu, ikalitaka jiji liweke kanuni zake za kulinda majengo. Likizembea, fedha zingeweza kuzuiwa. Mwenye jengo alipewa ruzuku au mkopo, naye akachangia. Hapo ndipo palipokuwa na kelele. Namkumbuka mwenye duka mmoja aliyefoka kwamba aliagizwa arudishe madirisha ya mbao yaliyompotezea joto majira yote ya baridi. Nadhani alikuwa na haki ya kufoka, na nadhani madirisha yalipendeza.

Ruzuku nyingine ya serikali kuu, ya dola milioni 5, ilipitia kwa jiji kwenda kwa kampuni ya kompyuta ya Wang kama mkopo, ili ijenge makao yake Lowell. Minara mitatu ikasimama kando ya barabara kuu, kazi zikafurika, na magazeti yakaanza kuzungumzia muujiza wa Massachusetts. Muujiza huo haukumfikia kila mtu. Wakimbizi wa Kambodia waliomiminika katika miaka hiyo hawakupanga nyuma ya kuta tulizozisugua, na mwaka 1987 wazazi wahamiaji walilishtaki jiji juu ya hali ya shule za watoto wao. Kwa mji uliofufuliwa kwa fikra ya Mogan, kesi ile iliuma.

Mwaka 1992 makumbusho yalifunguliwa katika kile kiwanda cha Boott, mashine zaidi ya 80 za kufumia zikinguruma ndani ya ukumbi mmoja hadi wageni wakapewa vizibo vya masikio. Niliposimama pale nilifikiria merikani, kitambaa ambacho wafanyabiashara wa Salem walikipeleka Unguja kutoka viwanda vya jimbo hilohilo. Mwaka huohuo Wang ikafilisika. Minara iliyogharimu dola milioni 60 hivi ikapigwa mnada mwaka 1994 kwa dola 525,000.

Tume ilimaliza kazi yake mwaka 1995. Hifadhi ikabaki, na bodi ya jiji inaendelea kukagua madirisha. Wanunuzi wengi wa zamani hawakurudi Mtaa wa Merrimack, wamezoea maduka makubwa ya nje ya mji. Waliorudi ni wakazi, maana viwanda vingi vimegeuzwa nyumba za kupanga. Hoteli iliyojengwa katikati ya mji katika miaka ya 1980 ilinunuliwa na chuo mwaka 2009 ikawa mabweni, na miongoni mwa wanafunzi wa chuo hicho leo wamo watoto wa Wakenya.