Kamba ya paka na kamba ya mbuzi



Ndugu zangu katika imani, suala la leo limetoka kwa binti yangu anayeishi na mumewe Maskati. Wanakaa ghorofani, wana paka, na chini yao kuna barabara ya magari mengi. Paka kutwa yuko dirishani. Mjukuu wangu anataka kumzoesha kutembea kwa kamba ili ateremke naye bustanini. Binti akaniuliza: "Baba, hii si haramu? Si ndiyo kisa cha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka?"

Nilipolieleza barazani baada ya alasiri hapa Kiwengwa, watu walicheka. Mmoja akasema hayo ni mambo ya wageni wa mahotelini. Lakini suala ni la dini, na lina jibu.

Hadithi hiyo ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.). Tazama kosa la mwanamke yule. Alimfungia paka hata akafa. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie vidudu vya ardhini. Basi ukishamzuia mnyama kujitafutia, riziki yake imekuwa amana shingoni mwako. Hapo ndipo penye hesabu.

Na Abu Qatada (r.a.) alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Kuzunguka ndiyo tabia yake. Kumtoa nje kwa salama ni kumtendea wema.

Kwa hivyo nilimjibu: inafaa, kwa masharti. Asifungwe shingoni, maana paka akishtuka huruka na kamba humkaba. Avalishwe mkanda unaozunguka kifua, na kamba ishikwe mgongoni. Siku za mwanzo auvae ndani tu, dakika chache, apewe na kipande cha samaki. Paka wengi hujilaza ubavu wakakataa kuinuka. Asiburutwe, asubiriwe. Akizoea, atembezwe ndani, kisha nje wakati wa utulivu. Tena paka hafuati kama mbwa, mwenye kamba ndiye anayemfuata. Akiogopa abebwe arudishwe. Na asiyekubali kabisa, aachwe.

Sasa turudi kwetu. Hapa kijijini mnyama wa kamba si paka, ni mbuzi na ng'ombe. Mtu humfunga mbuzi wake asubuhi, akaenda pwani au kazini hotelini, akarudi karibu na magharibi. Jua la kaskazi mnalijua. Kile kivuli cha asubuhi adhuhuri hakipo tena. Maji hakuna. Kamba imejizungusha kichakani, hata majani hayafikii. Je, huyu ana tofauti gani na yule paka? Kafungwa, na kujitafutia hawezi.

Mtume (s.a.w.) aliingia bustani ya mtu wa Answari, ngamia akamwona akatokwa na machozi. Akampangusa, akamwita mwenyewe, akamkumbusha amche Allah kwa mnyama aliyemmilikisha, kwani ngamia yule alishtakia njaa na kuchoshwa. Ameipokea Abu Daud. Mbuzi wako naye ana wa kumshtakia.

Simwambii mtu asifunge. Mbuzi akiachwa ataingia shamba la jirani, na hiyo ni dhulma nyingine. Ninachosema ni hiki: mfunge mahali patakapokuwa na kivuli adhuhuri. Mwekee ndoo ya maji. Adhuhuri mtume mtoto akamtazame, au pita mwenyewe ukienda msikitini. Ni hatua chache, na ndani yake mna ujira.

Ewe Mola, tufanye wenye huruma kwa kila ulichokiweka mikononi mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako mwenye mifugo.