Mtu Mbaya Naye Ana Sababu

Katika maigizo mengi niliyoyatazama Kampala, mtu mbaya hutambulika kabla hajatenda lolote. Wahusika wengine husema Kiluganda. Yeye huingia na Kiswahili, tena Kiswahili cha amri: toa, lala chini, nyamaza. Watazamaji hucheka kidogo, kisha hutulia. Hakuna anayeuliza anataka nini. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu ukoloni, na wazee waliokisikia kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya sabini hawahitaji maelezo zaidi. Lugha yake ndiyo sababu yake.

Mimi nasomea lugha hiyo, kwa hiyo jambo hili linanigusa kuliko linavyomgusa mwenzangu anayesomea uhasibu. Nyumbani niliulizwa kama nilikosa kozi nyingine.

Tabia hii haiko Uganda tu. Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha 1951, Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Jina limekwisha kusema yote. Naipenda sana kazi ile, na najua kuwa ni istiara: Majivuno aliumbwa ili tuitambue tabia, si ili tumjue mtu. Lakini nikifunga kitabu namkumbuka Karama na wajumbe wake sita. Kwa Majivuno nabaki na jina tu.

Shylock ni tofauti. Nilimjua kwa Kiswahili, katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka 1969. (Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, neno bepari halikuwa neno jepesi Tanzania.) Watu wa Venisi nao wana jina lao la mkato: mara nyingi humwita Myahudi basi, kana kwamba hilo linatosha. Shakespeare mwenyewe hakuwa nje ya chuki za zama zake. Mwishoni Shylock analazimishwa kubadili dini, na mchezo unaendelea kwa furaha. Hata hivyo amepewa kitu ambacho jambazi wa jukwaa letu hapewi. Amepewa sababu, tena si moja.

Akisema kando, wengine wasisikie, anatuambia kwamba anamchukia Antonio kwa kuwa ni Mkristo, na zaidi kwa kuwa hukopesha bila riba na hivyo kushusha faida ya wakopeshaji mjini. Hiyo ni hesabu ya biashara. Antonio anapokuja kutaka dukati 3,000 kwa miezi mitatu, Shylock anataja mengine: kutemewa mate ndevuni, kupigwa teke, kuitwa mbwa. Na Antonio hakanushi. Hapa husimama kila ninaposoma. Anasema huenda atamtemea tena. Mtu amekuja kukopa, na bado anaahidi matusi! Dhamana ya ratili ya nyama inatajwa baada ya maneno hayo.

Kisha binti yake, Jessica, anatoroka na Mkristo, akiwa na fedha na vito. Shylock anavililia kiasi cha kuchekesha, hadi Tubal anapomletea habari ya pete: Jessica ameitoa ili apate tumbili. Pete hiyo Shylock alipewa na Leah, kabla hajaoa. Mkopeshaji ambaye kila kitu kwake kina bei, kumbe alikuwa na kitu kisichouzwa. Leah hatajwi mahali pengine popote.

Mahakamani anakataa dukati 6,000. Akiulizwa kwa nini, anasema tu kwamba kuna watu wasiovumilia paka, naye havumilii Antonio. Wenzangu darasani waliona hapo mwandishi ameteleza. Mimi naona hapo ndipo alipopatia. Ataanzaje kueleza habari ya pete mbele ya watu waliomcheka binti alipotoroka? Mwenye chuki huwa na sababu nyingi, na hadharani hutoa ile isiyomwaibisha. Naye kisu anakinoa kweli, tena mbele ya hakimu.

Muhula huu naandika mchezo mfupi wenye askari kwenye kizuizi cha barabarani, miaka ya sabini. Bibi yangu, tunayemwita Jjajja, halipendi wazo hilo. Babu alinyang'anywa baiskeli na askari wa namna hiyo, akarudi nyumbani kwa miguu, uso umevimba. "Unataka kumtafutia sababu, mwanangu? Alitaka baiskeli. Basi."

Pingamizi lake nalipa uzito kuliko la mwalimu yeyote. Nikimpa askari wangu utoto wa taabu na mama mgonjwa, kama filamu zinavyopenda, nitakuwa namwombea huruma ambayo yeye mwenyewe hakuiomba, na babu atageuka mpita njia katika msiba wake mwenyewe. Sitaki. Namtafutia sababu ndogo, ile ambayo asingemwambia mkuu wake.

Wiki iliyopita nilimuuliza Jjajja swali moja: yule askari aliondokaje na baiskeli? Alikuwa akimenya matoke, akaendelea kumenya. Akasema babu alisimulia kwamba askari aliipanda, akaanguka, wenzake wakacheka. Ndipo alipomgeukia babu na kitako cha bunduki. Kisha akaondoka akiisukuma. Hakujua kuiendesha.

Jjajja ameweka sharti moja, kwamba askari aseme Kiswahili. Nimekubali. Kinachonisumbua sasa ni kile kicheko: kidumu kwa muda gani jukwaani kabla hajageuka.