Siku ya Mapumziko katika Msitu wa Yangambi

Mtu akiwa safarini mara nyingi huhesabu mwanzo na mwisho tu: ametoka wapi, atafika wapi, ana kazi gani ya kumaliza. Siku iliyo katikati huiona kuwa hasara. Hata hivyo Bwana wetu mwenyewe, mitume walipomrudia wamechoka kwa kazi, aliwaalika waende pamoja naye mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Mapumziko mema si uvivu. Ni saa ya kufungua macho na kumshukuru Muumba. Leo nataka kuwaongoza mahali ambapo siku ya namna hiyo haina gharama kubwa, nayo ina mafundisho mengi, yaani msitu wa Yangambi, katika jimbo la Tshopo.

Njia ya mto

Yangambi iko kwenye ukingo wa kuume wa Mto Kongo, kadiri ya kilomita 100 kutoka Kisangani, kwa kufuata mkondo wa maji. Mwenye haraka hupita nchi kavu kwa pikipiki. Asiye na haraka na apande mtumbwi wa motere, akae juu ya gunia lake, aone mto ulivyo. Nyuma yake yatabaki maporomoko ya Boyoma, ambako Wagenia hutega vikapu vyao vikubwa vya kuvulia samaki kwenye magogo yaliyosimikwa katikati ya maji yanayonguruma. Baadaye atapita pale ambapo mto Lindi unamwaga maji yake ndani ya mto mkubwa. Toka hapo vijiji vya Walokele hufuatana ukingoni. Hao ni wavuvi na wachuuzi wa mto tangu zamani. Wazee wao walipeleka habari mbali kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini, kwa kufuata namna sauti inavyopanda na kushuka katika maneno ya lugha yao. Leo kijana hutoa simu mfukoni. Lakini ni vema ajue kwamba babu zake nao walizungumza kutoka mbali, bila waya wala betri.

Mji wa wataalamu

Yangambi si kijiji cha kawaida. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda shirika la utafiti wa kilimo lililoitwa INEAC, na makao yake makuu katika Kongo yakawa hapo. Leo kazi hiyo ni ya shirika la taifa, INERA. Kuna nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa, kadiri ya vipande 150,000, kila kimoja kimebandikwa juu ya karatasi pamoja na jina lake na mahali kilipookotwa. Mwaka 1941 wataalamu wa Yangambi walieleza siri kubwa ya mchikichi: ukiunganisha mchikichi wenye kokwa nene na ule usio na ganda la kokwa, unapata mzao wenye ganda jembamba na nyama nyingi, na kwa hiyo mafuta mengi. Toka wakati huo mashamba mengi ya michikichi duniani yamefuata elimu hiyo. Basi mama anayemimina mawese katika sufuria yake, hata katika nchi za mbali, huenda ananufaika na kazi iliyofanyika katika msitu wetu.

Mwaka 1976 UNESCO iliuweka msitu huo katika hesabu ya hifadhi za dunia ambamo binadamu na viumbe wengine hutafuta kuishi pamoja. Na mwaka 2020 ulijengwa humo mnara wa chuma wenye urefu wa mita 55, unaopita vilele vya miti. Vyombo vyake hupima hewa ambayo miti inaivuta na ile inayoitoa, usiku na mchana.

Chini ya miti

Tuliondoka asubuhi, baada ya sala, mimi na mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyekubali kunionyesha njia. Alibeba panga na kikapu, nami nilibeba chupa ya maji. Kwanza tulipita mashamba ya mihogo na ndizi, kisha vichaka vilivyoota mahali pa mashamba ya zamani, mwishowe tukaingia msitu wenyewe. Pale jua lilipotea kama mtu aliyefunga dirisha. Hewa ilikuwa baridi na nzito kwa harufu ya majani yanayooza.

Mzee alitembea polepole, akigusa miti kama mtu anayewasalimu jamaa zake. Gome la huu linatibu tumbo. Utomvu wa ule hunasa ndege. Majani mapana ya mangongo, yanayoota penye unyevu, yanaezeka kibanda na kufungia chakula. Tulifika mahali ambapo miti karibu yote ni ya aina moja, mbau, na chini yake ni peupe kama uwanja uliofagiwa, kwa sababu kivuli chake kizito huacha mimea michache tu iote. Huko tulikaa kimya kitambo kirefu. Nyani walipiga kelele mbali, tunda likaanguka, kisha kimya kikarudi. Nakiri kwamba sala yangu ya siku hiyo ilinijia bila kutafuta maneno.

Msomaji asidhani kwamba miti hiyo mirefu ni dalili ya udongo wenye rutuba nyingi. Sehemu kubwa ya utajiri imo ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayoanguka, yakaoza, yakanyonywa tena na mizizi upesi. Ndiyo maana shamba lililofyekwa msituni huzaa vizuri miaka michache, halafu huchoka. Lazima liachwe lipumzike. Hata udongo una Dominika yake.

Mti unaolisha watoto

Tukirudi, nje ya mipaka ya hifadhi, mzee alinisimamisha mbele ya mti mkubwa mno. Ulikuwa sapeli. Mti huo waweza kupita mita 40 kwenda juu, na mbao zake nyekundu hutafutwa sana na wafanyabiashara. Lakini una zawadi nyingine. Vipepeo wa usiku hutaga mayai juu ya majani yake. Mayai huangua viwavi, ambao wengi huko huwaita mbinzo. Viwavi hula majani, wakikomaa hujiangusha chini, nao akina mama na watoto huwaokota kwa vikapu. Wakikaushwa, karibu nusu ya uzito wao ni chakula cha kujenga mwili, kama kile cha nyama.

“Mwalimu,” alisema mzee, “mti huu nilionyeshwa na marehemu baba yangu. Mnunuzi wa mbao amekwisha kuja mara mbili. Mwanangu anataka tuuze, kwa kuwa ana watoto watatu shuleni.”

“Nawe, Baba, umemjibu nini?”

“Nimemwambia amwulize mama yake madaftari ya mwaka jana yalinunuliwa kwa fedha gani.”

Zilikuwa fedha za viwavi waliouzwa sokoni. Lakini haifai tumdharau yule kijana. Karo hudaiwa leo, nao viwavi huja kwa majira yao, tena mwaka mwingine huja wachache. Nilipoondoka, familia ilikuwa haijakata shauri.

Mezani

Mama wa nyumba alikuwa ametuandalia chakula cha mchana, nami sijala vizuri hivyo kwa siku nyingi. Kulikuwa na lituma, yaani ndizi zilizochemshwa na kupondwa mpaka zikawa donge laini. Kulikuwa na samaki wa mto aliyefungwa katika majani ya mangongo pamoja na chumvi, kitunguu na pilipili, akapikwa polepole juu ya makaa. Ukifungua majani, mvuke wake peke yake ni karamu. Kulikuwa na sombe iliyotwangwa vizuri na kutiwa mawese. Na katika sahani ndogo, viwavi waliokaangwa, wagumu kidogo nje, laini ndani. Tuliomba baraka, tukanawa mikono, tukala pamoja. Yule kijana mwenyewe ndiye aliyenisogezea sahani ya viwavi, akasema, “Karibu, Mwalimu, usione haya,” na baba yake akacheka.

Hakuna kitu cha duka katika chakula hicho, isipokuwa chumvi na kitunguu. Vingine vyote vilitoka mtoni, shambani na msituni, kwa mwendo wa miguu.

Tujifunze

Mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si', marehemu Papa Fransisko aliitaja misitu ya bonde la Kongo pamoja na ile ya Amazonia kuwa mapafu ya dunia. Ni heshima kubwa kwetu, lakini mapafu hayo yana wenyewe, na wenyewe wana watoto wenye njaa na karo ya kulipa. Mbao za sapeli huuzwa mara moja. Mti mwingine wa kadiri ile utahitaji zaidi ya maisha ya mtu mmoja. Makala yanayopikwa Kisangani nayo hukatwa mahali fulani. Kwa hiyo ni jambo la kusifiwa kwamba karibu na Yangambi watu wamepanda akasia zinazokua haraka, ili moto wa jikoni usile msitu mkongwe.

Enyi wazazi, mkiwa na nafasi siku ya mapumziko, wachukueni watoto wenu msituni, muwafundishe majina ya miti kama mlivyofundishwa. Nanyi wanafunzi, ulizeni babu na bibi zenu, mkaandike majibu katika daftari. Mtoto asiyelijua jina la mti atauona kuwa mbao tu. Lakini anayejua ni nani aliyemlisha atafikiri mara mbili kabla ya kushika shoka.