Mchezo wa Mbali

Mchezo ni rafiki wa kwanza wa mtu. Kabla mtoto hajajua kusoma, kuhesabu wala kufanya kazi, hujua kucheza. Na mzee aliyeacha jembe na ngalawa kwa uchovu wa viungo bado huweza kuketi barazani mbele ya bao. Kwa hiyo, msomaji, sikusudii kukusimulia ubaya wa michezo. Nakusudia kukueleza mchezo mmoja wa zama zetu, ambao vijana wengi huucheza na wachache huufahamu: mchezo wa video wa mtandaoni, mchezaji mmoja akiwa hapa na mshindani wake akiwa ng'ambo ya bahari, kwa intaneti iliyoazimwa katika simu ya mtu mwingine.

Tofauti ya mchezo huu na bao ni kubwa. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wake wawili huketi uso kwa uso. Kila mmoja huuona mkono wa mwenziwe. Kete ikianguka shimoni, wote wawili huisikia kwa wakati mmoja. Ukishindwa katika bao, huna wa kumlaumu ila akili yako. Katika mchezo wa mbali mambo si hivyo. Kati yako na mshindani wako pana njia ndefu, na njia hiyo nayo ni mchezaji. Haina kiti wala jina, lakini mara nyingi ndiyo iamuayo nani ashinde.

Mimi ni mkazi wa Dabaso, katika Kaunti ya Kilifi, karibu na Gede na Watamu, kando ya hori ya Mida yenye mikoko. Wako wenye nyumba zilizofungwa intaneti, lakini wengi wetu intaneti yetu imo katika simu. Jioni vijana hukusanyika barazani. Mmoja wao amenunua bando. Hufungua hotispoti, yaani huigeuza simu yake kuwa kisima kidogo cha mtandao, na wenziwe watatu au wanne huchota humo. Nimewaona wakiiweka simu hiyo dirishani, au wakiitundika katika tawi la mwembe upande uelekeao mnara, ili ipate mawimbi mazuri. Wengine hucheza mpira katika eFootball. Wengine hucheza PUBG Mobile, mchezo uliotoka mwaka 2018, ambamo watu hadi 100 hushuka kwa miavuli katika kisiwa kimoja na kushindana mpaka libaki kundi moja au mtu mmoja.

Tazama sasa safari ya amri moja. Kijana anagusa kioo cha simu ili apige mpira. Amri hiyo hutoka kwa mawimbi ya redio na kwenda hatua chache mpaka simu ya mwenye bando. Simu hiyo huipokea na kuirusha tena, kwa mawimbi mengine, mpaka mnarani. Kutoka mnarani hufika katika nyaya za kioo zilizo nyembamba kama unywele, nazo huichukua mpaka Mombasa. Ikiwa kompyuta iendeshayo mchezo, iitwayo seva, iko nje ya nchi, amri huingia baharini na kuufuata waya uliolazwa chini ya maji. Seva huamua lililotokea, kisha jibu hurudi. Hapo ndipo kijana ajuapo kama mpira umeingia golini au umekwenda nje.

Nyaya hizo hazikuwapo zamani. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti zilizo juu ya dunia kwa kilomita 36,000 hivi. Amri ilipanda na kushuka, na jibu likapanda na kushuka. Safari hiyo pekee ilikula karibu nusu ya sekunde. Mwaka 2009 nyaya mbili za baharini zilifika Mombasa. Mmoja ni SEACOM. Wa pili ni TEAMS, utokao Fujairah katika Falme za Kiarabu, wenye urefu wa kilomita 5,000 hivi. Mwaka uliofuata ukaja waya wa tatu, EASSy.

Chukua karatasi, msomaji, ufanye hesabu. Mwanga ndani ya waya wa kioo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde moja. Gawanya kilomita 5,000 kwa 200,000, utapata sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Kwenda na kurudi ni sehemu moja ya ishirini, yaani milisekunde 50. Ongeza muda wa mawimbi kutoka simu hadi simu, na kutoka simu hadi mnara, na muda wa mitambo iliyo njiani. Ikiwa seva iko Ulaya, njia ni ndefu zaidi, na hesabu huongezeka kwa kadiri hiyo.

Katika magofu ya Gede, yaliyotiwa mwaka 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, wachimbaji walipata vigae vya vyombo vya Kichina. Vyombo vile vilivuka bahari kwa majahazi yaliyongoja kaskazi ivume, na aliyetaka kurudi Uarabuni alingoja kusi. Mtu aliagiza bidhaa mwaka huu akaipata mwaka ujao. Leo kijana wa Dabaso hununa kwa sababu ya sehemu ya kumi ya sekunde. Je, ana kosa? La, hana. Kuchelewa hakupimwi kwa saa peke yake. Hupimwa kwa kazi inayongojwa. Sahani huweza kungoja msimu. Golikipa hawezi kungoja hata kope ifumbe.

Hapa ndipo penye jambo la haki. Mchezaji aliye karibu na seva huona mambo mapema. Aliye mbali huona habari zilizokwisha kupita. Wewe unaona mshindani wako amesimama mlangoni, unampiga. Kumbe katika seva amekwisha kuingia ndani na kujificha. Watungaji wa michezo waliijua dosari hii tangu zamani. Mwaka 1996 John Carmack alitengeneza QuakeWorld, ambamo kompyuta ya mchezaji haikungoja jibu la seva: ilibashiri litakalotokea na kulionyesha mara moja, kisha ikajisahihisha jibu lilipofika. Hila hiyo hutumika katika michezo mingi mpaka leo. Lakini ubashiri si ukweli. Ukikosea, mchezaji huona mwili wake ukirukishwa nyuma ghafla, kama mtu aliyeshikwa kanzu.

Pana mithali ya wahenga isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mithali hii ni ya kweli, ila huhitaji kuongezewa neno: mshindani hodari hutaka kujua ameshindwa na nani. Akishindwa na ustadi wa mwenziwe, na ajifunze. Akishindwa na masafa, asijiite mjinga. Na zaidi ya yote, asisingizie masafa pale aliposhindwa na uvivu wake. Michezo mingi huonyesha pembeni mwa kioo idadi ya milisekunde. Idadi hiyo ni shahidi asiyependelea. Ikiwa ndogo nawe umefungwa mabao manne, nyamaza ukafanye mazoezi. Ikiwa kubwa, tafuta dawa: chagua seva iliyo karibu, kama mchezo unakuruhusu, cheza na watu wa nchi yako, au chagua mchezo usio na haraka, kama sataranji au drafti, ambamo nusu ya sekunde haimdhulumu mtu.

Pengine dawa hukosekana kabisa. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku hizo mwenye bando kubwa na mwenye bando dogo walikuwa sawa.

Lakini mara nyingi sababu ya kuchelewa haiko baharini, iko barazani. Mchezo wenyewe hautumii data nyingi: huenda ukala makumi ya megabaiti tu kwa saa. Unachodai ni wakati. Vijana wanne wakichota katika hotispoti moja, na mmoja wao akaanza kupakua filamu, amri za wale watatu hupanga foleni nyuma ya filamu hiyo. Kuusasisha mchezo ni balaa jingine: sasisho moja huweza kuzidi gigabaiti nzima na kumaliza bando ambalo mwenyewe alilihesabia wiki. Aliyefungua hotispoti hutoa vitu viwili, data na chaji ya betri, na vyote viwili huisha kimyakimya. Mla cha mwenziwe, na chake huliwa. Asiyekuwa na cha kuliwa, na ajue kushukuru na kuchota kwa kiasi.

Dada yangu ni mama karanga. Hununua samaki kwa wavuvi, huwakaanga, na kuwauza jioni kando ya njia. Simu yake ndiyo duka lake: kwa simu hiyo huagizwa samaki, na kwa simu hiyo hulipwa kwa M-Pesa. Mwanawe humwomba hotispoti akirudi shule, naye humpa. Jioni moja mpwa wangu alikuwa katika dakika za mwisho za mchezo, akiongoza bao moja, simu ya mama yake ikalia. Katika simu nyingi, maongezi yakianza, mtandao hushuka daraja au husimama. Mchezo uliganda. Kijana akapaza sauti, "Mama, kata simu!" Mama hakukata. Aliongea mpaka mwisho, akaaga kwa heshima, kisha akamgeukia. "Mwanangu," alisema, "huyu ametaka samaki ishirini wa matangani. Ningekata, wewe ungeshinda mchezo, na kesho tungeshindwa sote wawili."

Mpwa wangu hakujibu. Nilikuwapo, nikamwona akiitazama simu kama kwamba anaiona mara ya kwanza. Tangu siku hiyo wana mapatano: mchezo baada ya mauzo, na bando la mchezo hutoka katika ujira wa kijana wa kupara magamba ya samaki. Nimemsikia akikataa kuingia mchezoni kwa sababu bando la siku hiyo hakulifanyia kazi. Sijui, msomaji, mwalimu wa hesabu ambaye angemfunza vizuri zaidi thamani ya megabaiti moja.

Wako wazee waonao kila mchezo wa simu kuwa ugonjwa. Wamezidisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikubali kuwa pana maradhi ya uchezaji wa michezo ya namna hii, na uamuzi huo ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Lakini liliyaeleza kwa mipaka. Mgonjwa ni yule asiyeweza kujizuia, aliyeutanguliza mchezo mbele ya mambo yote ya maisha, na aendeleaye hata aonapo madhara. Anayecheza saa moja na kuamka kwenda kufanya kazi yake si mgonjwa. Ni mtu anayecheza.

Nakushauri, basi, mambo mawili. La kwanza, jua kilicho chako na kisicho chako. Ushindi wako ni wako. Kushindwa na masafa si kosa lako. Bando la mwenzio si mali yako. La pili, usiwe mpita njia asiyejua njia. Njia ile itokayo kidoleni mwako, ikapita kwenye simu, mnara, Mombasa na bahari, imetengenezwa na watu waliosoma fizikia na hesabu zile zile uzionazo ubaoni darasani. Swali "Kwa nini nimechelewa?" likiulizwa kwa hasira huzaa matusi. Likiulizwa kwa utulivu huzaa wahandisi. Na pwani yetu, ambayo nyaya za dunia huipandia nchi kavu, inawahitaji wahandisi kuliko inavyowahitaji mabingwa wa kisiwa kisichokuwapo.