Kusoma Hadithi si Kuisimulia Tu

Mara nyingi mwatuuliza kwa sababu gani sisi tunaofundisha Kiingereza twawapa watoto wenu wa miaka 13 na 14 kitabu cha hadithi, badala ya kuwazidishia sarufi na barua za kazi. Swali lenu ni la haki. Hapa Lubumbashi, Zambia ni jirani yetu. Malori yapita Kasumbalesa, na kijana ajuaye Kiingereza hupata riziki upesi zaidi. Basi hadithi ni ya nini?

Kitabu chenyewe ni Things Fall Apart cha Chinua Achebe, mwana wa Nigeria, kilichotolewa London mwaka 1958. Ni habari za Okonkwo, mtu mwenye nguvu na sifa katika Umuofia. Kina sura 25, nasi twakisoma polepole, kurasa tatu au nne kwa juma, hata miaka miwili ikaisha.

Mwanzoni watoto hudhani kazi yao ni kusimulia. Ukiwauliza Okonkwo ni mtu wa namna gani, hujibu kwa pamoja, "Ni mkali!" kisha huketi, kana kwamba wamemaliza. Sisi twawaambia neno moja tu: onyesheni mahali. Kuchambua wamekuona nyumbani. Mama anayechambua maharagwe hatazami ungo kwa mbali na kusema ni safi. Kidole chake hupita punje kwa punje.

Sura ya saba hutuchukua siku nyingi. Kijana Ikemefuna amekaa miaka mitatu nyumbani mwa Okonkwo, na anamwita baba. Mzee Ezeudu amemwonya Okonkwo asiutie mkono wake katika kifo cha kijana huyo. Hata hivyo Okonkwo anafuatana na wauaji, na mwisho anamkata kwa panga lake mwenyewe. Wavulana wetu wote walisema, "Mtu huyu hana moyo." Ndipo msichana mmoja, asiyesema sana, akafungua sura ya nane, akatusomea kwa sauti ndogo kwamba Okonkwo alikaa siku mbili bila kuonja chakula. Akauliza, kama hana moyo, mbona chakula kilimshinda? Mvulana mmoja akamrudishia: na kama anao, mbona alimkata? Tukawarudisha kwenye sura ya pili, mahali mwandishi anapoieleza hofu ya Okonkwo, yaani hofu ya kuonekana dhaifu kama Unoka baba yake, aliyekufa na madeni mengi. Kengele ilipolia walikuwa wangali wakibishana, tena kwa Kiingereza. Makosa yalikuwa mengi, lakini siku hiyo hatukuyasahihisha.

Katika ukurasa wa mwisho, Okonkwo amekwisha kujinyonga. Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, anawaza kumtia katika kitabu anachokusudia kukiandika. Labda si sura nzima, aya moja yatosha. Watoto hukasirika sana hapo. Aya moja! Wao wameishi na mtu huyo miaka miwili. Nasi huwauliza, je, ninyi siku ya kwanza mlimpa maneno mangapi?

Turudi kwenye swali lenu. Siku moja karatasi ya Kiingereza italetwa nyumbani, ya kazi au ya mkopo, na baba atamwuliza mtoto, "Yasema nini?" Mtoto aliyezoea kusimulia atajibu kwamba mambo ni mema. Mwenziwe ataweka kidole kwenye mstari, na pengine atasema, "Baba, usitie sahihi bado, hapa wameandika neno jingine."

Hata ninyi msiojua Kiingereza mwaweza kutusaidia. Jioni mtoto akiwasimulia habari za Okonkwo, mwulizeni tu, umeyaona wapi hayo? Atakwenda kukitafuta kitabu. Ila mwe na subira: kitabu kimoja hutumiwa na watoto wanne, na jioni nyingine kitakuwa kwa jirani.