Mgeni, si mgonjwa

Dawa za kifua kikuu ni miezi 6. Ukizikatisha, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Vijana wenzangu wakimbizi hapa Kigali wanalijua hilo, na kituo cha afya kinatoa dawa bure. Kinachowashinda ni upweke: daktari ameshasema hawaambukizi tena, lakini majirani bado wanahamisha viti.

Ndiyo maana napenda kabustani ka mama mmoja wa Bukavu, akarima k'igikoni kama wanavyosema Wanyarwanda. Lengalenga zinaota kwenye magunia, sisi tunakaa hapohapo nje, sahani moja. "Karibuni wanangu, mukule kwanza." Ugonjwa hautaji. Kijana aliyetaka kuacha dawa mwezi wa 3 sasa yuko mwezi wa 5, na ndiye anayemwagilia.