TUMEISOMA SHERIA YA NGUVU ZA POLISI, NAWE ISOME



Ndugu zangu katika imani, Alhamisi iliyopita baada ya swala ya Isha tulibaki uani mwa msikiti, watu kama arubaini hivi, tukasoma sheria. Si mirathi wala talaka. Tulisoma Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, lile linaloeleza askari wa Kenya atumie nguvu lini na kwa kiasi gani. Wakili kijana wa hapa mtaani alitusomea kipengele kwa kipengele. Mkuu wa kituo tulimwalika, akaja na askari wawili. Tukampa kiti na kahawa. (Tangawizi ilizidi, lakini aliimaliza.)

Najua utasema sheikh ameingia siasa. Ngoja kwanza nikwambie jambo ambalo sijawahi kulisema mimbarini.

Miaka kadhaa nyuma, kijana niliyemsomesha madrasa alikamatwa maskani usiku. Akaachiliwa asubuhi, hakushtakiwa kwa lolote, na mkono umevunjika. Mamake alinijia akaniuliza, "Ustadh, nikachukue P3?" Kama hujui, P3 ni fomu anayojaza daktari kuthibitisha majeraha, ndiyo ushahidi wako mahakamani. Nikamwambia avute subira, Mwenyezi Mungu atamlipia, tusiwachokoze wenye bunduki. Akanisikiliza kwa kuwa mimi ni imamu wake. Mkono uliunga vibaya, na mpaka leo yule kijana hawezi kubeba ndoo ya maji kwa mkono ule. Ndugu yangu, ile haikuwa subira. Nilikuwa naogopa, nikaivisha hofu yangu kanzu.

Na dalili nilikuwa nayo, tena naisomesha. Imam Muslim amepokea kwamba Hisham bin Hakim, radhi za Allah ziwe juu yake, alipita Sham akawakuta wakulima wamesimamishwa juani, wamemiminiwa mafuta vichwani kwa sababu ya kodi. Hawakuwa Waislamu. Hisham akatoa ushahidi kwamba alimsikia Mtume, swallallahu alayhi wasallam, akisema Allah atawaadhibu wanaowatesa watu duniani. Kisha akaingia kwa amiri wa pale akamweleza, na amiri akaamuru waachiliwe. Tazama alivyofanya. Hakuchoma kitu, wala hakwenda nyumbani kulaani kimyakimya. Alimkabili mwenye madaraka na hoja mkononi.

Sasa rudi kwenye Jedwali. Linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Ikibidi nguvu, iwe kwa kadiri ya uzito wa kosa na upinzani wa mtu. Aliyejeruhiwa atibiwe mara moja na jamaa zake waarifiwe. Bunduki ni pale njia nyingine hazitoshi, kama vile kuokoa maisha, na kabla ya kuitumia ajitambulishe na aonye waziwazi, isipokuwa onyo lenyewe lingehatarisha maisha. Likitokea jeraha kubwa au kifo, taarifa iende IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi. Wengi wetu pale tulikuwa tunayasikia haya kwa mara ya kwanza, nikiwemo mimi mwenye mvi.

Mmoja wa wale askari huswali nasi Ijumaa, safu za nyuma. Akauliza, "Na mkubwa wangu akiniamuru?" Ua mzima ukanyamaza, na mkuu wake yupo palepale na kikombe mkononi. Wakili akafungua ukurasa: amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Nami nikamkumbusha tunachowafundisha watoto wetu, kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Yule kijana aliinamisha kichwa. Mzigo wake si mwepesi, tumuombee.

Mkuu wa kituo naye hakukaa kimya. Alituuliza, "Nyinyi mnapomkamata mwizi wa simu, huwa mnamsomea Jedwali gani?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana nimeona matairi yakitafutwa mtaani humu humu. Suratul Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu, na mwizi pia ni mtu.

Tuliomba mambo matatu: vipengele vile vitafsiriwe Kiswahili na kubandikwa ukutani mwa kituo, jamaa wa aliyekamatwa waambiwe usiku uleule, na anayekuja kulalamika apewe namba ya OB bila kuzungushwa. Mawili ya kwanza aliyakubali mbele ya watu. La tatu alisema "tutaangalia". Tumeliandika hivyo hivyo, "tutaangalia", pamoja na tarehe.

Alhamisi hii inshaallah tunaendelea baada ya Isha. Yule mama nimemwendea nyumbani nikamwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliuliza tu kikao kinaanza saa ngapi, na kama wanawake watapata nafasi karibu na meza. Nimewaambia vijana watandike mikeka yao mbele.

Wabillahi tawfiq.